Kiti Kitupu cha Tramu ya Uani

Bi Tega alisimama mlangoni mwa jiko lake, mwiko mkononi, akiitazama tramu inavyokuja kama mtu anayemtazama mkwe mkorofi akiingia bila kualikwa. Ilitoka stesheni ya zamani taratibu, nyeupe, ndefu, uso wake mweusi tii. Alikodoa macho amwone dereva, asione mtu. Katika kile kioo cheusi aliona mbingu, akaona paa la nyumba yake, akaona mwanamke mfupi ameshika mwiko, kakunja uso. Mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Tramu ikapita, mwili wake wote, mpaka ukafika mkia. Huko mkiani kioo kilikuwa cheupe, na ndani yake kila kitu kilionekana: kiti cha dereva, na juu ya kiti kitambaa cha kufuma, rangi ya chungwa na kijani, alichokifuma Bi Tega kwa mikono yake. Juu ya kitambaa hapakuwa na mtu.

"Kainuka tena," alisema Bi Tega, akaanza kukisema kile kiti, mikono miwili ikiruka hewani, mpaka tramu ikapinda ikapotea.

"Nimemkosa mie," alisema jirani yake kutoka ng'ambo ya reli. "Nilikuwa nakodoa, nikapiga chafya."

Huyo jirani walimwita Redio, kwa kuwa taarifa yake ya habari ilianza alfajiri na haikuwa na mapumziko. Bi Tega naye hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa ajili ya vitendawili. Ukienda kumwomba chumvi, utategewa kwanza. Ukienda kumpa pole ya homa, utategewa nawe, na homa yake utaiacha palepale bila kuizungumza.

Sasa huyu ambaye Bi Tega alisema kainuka ni nani? Ni binti yake, mtoto wake wa pekee, dereva wa tramu. Tangu utotoni walimwita Kengele, kwa sauti yake iliyokuwa ikisikika hata akinong'ona. Na hapo ndipo kichwa cha Bi Tega kilipokuwa kimevurugika: kila asubuhi tramu ya Kengele ilipita uani kwake, kiti cha Kengele kikaonekana, kitambaa cha Kengele kikaonekana, na Kengele mwenyewe hayupo.

Lazima nieleze uani penyewe, maana si ua wa kawaida.

Zile zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, safu mbili zinazotazamana, majiko kwa majiko, na katikati yake njia ya treni. Marehemu mume wa Bi Tega alikuwa akikaza misumari ya reli hizo. Treni ilipokufa, Kengele akiwa bado ananyonya, ile njia ilibaki imelala pale juu ya mataruma yake, na watu hawawezi kuona mahali pamelala wakapaacha hivihivi. Wakaanika nguo. Wakapanda nyanya kati ya reli na reli. Wakaleta mabenchi. Mwishowe hakuna aliyesema "njia ya treni" tena, walisema "uani", na uani pakawa na sheria moja: hupiti bila kusalimu, na mdogo ndiye anayeanza. Aliyepita kimya alikuwa amemtukana kila mtu kwa mpigo. Hata yule kijana aliyemwiba kuku wa Redio, alipokuwa akikimbia na kuku kwapani, aliwaamkia wote, jiko hadi jiko. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kumkamata, sauti yake waliijua.

Basi wakaja watu wa tramu na vifaa vyao vya kupimia. Walisema tramu ya mjini inarefushwa. Itatoka katikati ya mji, itapita sehemu moja kwenye reli hai, ileile inayotumiwa na treni ya saruji, halafu pale njia panda itaingia kwenye reli iliyokufa na kuifufua mpaka stesheni ya zamani. Nyanya ziling'olewa, kamba za nguo zikahamishwa, reli mpya zikalazwa, na kila upande ukawekwa uzio wa chuma wa kufika kiunoni. Wengine walinung'unika. Bi Tega hakunung'unika hata kidogo, kwani Kengele alikuwa amemwambia:

"Tramu ikifika uani, mama, narudi kulala nyumbani. Itakuwa inalala palepale stesheni, chini ya banda. Nitatoka kitandani niingie kazini."

Miaka yote hiyo Kengele alipanga chumba mjini karibu na karakana, maana zamu huanza kabla jogoo hajajikohoza. Bi Tega alipaka rangi chumba cha binti yake, rangi ya samawati. Akatandika kitanda. Akafagia, akafunga mlango, na kila siku akaufungua kufagia tena vumbi ambalo halikuwepo.

Siku ya kwanza tramu ilipokuja kutoka mjini, uani pote walivaa nguo nzuri. Kengele alikuwa mbele, dirisha wazi, kofia kichwani. Na unafikiri alifanya nini? Alifanya alivyolelewa. Alisimama jiko la kwanza akaamkia. Akasogea kidogo, akasimama jiko la pili akaamkia. Abiria walidhani ni vituo, wengine wakaanza kutafuta mlango. Alipofika kwa mama yake alizima kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sare inakubana. Wamekushonea au wamekufunga?"

Tramu nzima ilicheka. Kengele akavuta koti lake chini, na shavu likamcheza. Bi Tega hakuliona shavu wakati ule. Alikuja kuliona baadaye, akiwa peke yake, na tangu hapo halikumtoka machoni.

"Na kiti chao kigumu, nakijua bila kukikalia," aliendelea, akampitishia dirishani kile kitambaa. "Kifunge hapo. Haya, kitendawili."

"Tega, mama, ila upesi."

"Kimetandikwa hakijalaliwa, kimefagiliwa hakijakanyagwa."

Kengele akafungua mdomo. Abiria mmoja akasema, "Dada, wengine tuna waajiri." Kengele akaufunga mdomo. "Jibu nitakuletea kesho," alisema, na tramu ikaondoka kwenda stesheni. Iliporudi kuelekea mjini, Bi Tega alikuwa jikoni, hata hakuiona.

Kesho yake jibu halikuja. Tramu ilikuja na uso mweusi, ikapita kama haimjui mtu. Hakuna dirisha, hakuna shikamoo, hakuna kupunguza mwendo. Na mkiani, kiti na kitambaa chake, kitupu. Siku iliyofuata hivyohivyo. Na iliyofuata. Jioni mlango wa nyumba haukugongwa. Kengele aliendelea kulala mjini na kuletwa alfajiri na gari la wafanyakazi.

Simu? Simu zilikuwepo. Bi Tega aliiweka yake juu ya kabati la vyombo, akaitazama. Mdogo ndiye anayeanza. Simu nayo ikamtazama.

"Mimi nina maelezo," alisema Redio siku moja, wamekaa kila mtu upande wake wa uzio wakimenya viazi. "Mtoto akikaribia kwako anainuka kitini na kujibanza chini, usimwone. Tramu ikishapita anakaa tena."

"Na wakati amejibanza, nani anashika tramu?"

"Hizi za kisasa zinajishika."

"Basi yeye wanamlipa ya nini?"

Redio alimenya kiazi kizima akifikiri. "Au anashuka. Anashuka kabla ya uani, anazunguka nyuma ya nyumba mbio mbio, anaipandia kule mbele."

"Na ile sare inavyombana?"

"Ndiyo maana huwa anachelewa."

Fundi alicheka. Huyu alikuwa fundi cherehani, msichana mpole aliyejibana na cherehani yake kwenye stoo ya Redio, kati ya magunia na baiskeli mbovu. Kengele alipokosa kurudi, Fundi alikuja kukiulizia kile chumba. Aliuliza kwa adabu, macho chini. Bi Tega alimruhusu aingie apime pazia la dirisha, bila kumwambia ndiyo wala hapana.

"Bi Tega," alisema Fundi sasa, "mimi sikusukumi. Ila Ijumaa naletewa sare za shule nzima, na kule stoo nashona nimekalia gunia. Kama chumba hakina mtu."

"Kina mtu."

"Yuko wapi?"

Hilo ndilo swali. Bi Tega aligeuza kiazi mkononi kama jibu limeandikwa upande wa pili. Hakuweza kuwaambia alichokijua: kwamba alimwaibisha mtoto wake mbele ya tramu nzima, mtu mzima, na kofia yake ya kazi kichwani, kwamba mtoto ameondoka kitini kwa hasira, na hasira ya Kengele ikiondoka hairudi kwa kuitwa. Lakini tena, mbona kitambaa amekiacha? Mtu akikukasirikia huking'oa ulichomfumia. Akikipenda, kwa nini hakikalii? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, likiwa limenenepa.

Ijumaa asubuhi alivaa viatu. Si kandambili, viatu. Redio alipoviona akajua kuna jambo, akaja mpaka kwenye uzio.

"Naenda stesheni," alisema Bi Tega. "Nitaipanda. Nitamkuta kabla hajainuka. Ufunguo wa chumba huu hapa. Nikirudi naye, nirudishie. Nikirudi peke yangu, mpe Fundi."

"Na usiporudi?"

"Redio."

"Nauliza tu, shoga. Unakwenda kupanda kitu ambacho hakina mtu."

Stesheni ya zamani ilikuwa imepigwa chokaa, na chini ya banda tramu ilikuwa imesimama inanguruma kwa ndani kama paka. Bi Tega hakupoteza wakati. Alikitafuta kitambaa chake kupitia vioo, akakiona, akaingia mlango wa karibu nacho. Palikuwa na kibanda cha dereva kimefungwa, mlango wake nusu kioo. Akagonga.

"Hodi."

Kiti kile pale, kitambaa kile pale.

"Hodi, Kengele. Ni mama."

"Bibi, keti, tunaondoka," alisema mkata tiketi, kijana mwenye begi begani.

"Tutaondokaje? Dereva hajakaa."

"Amekaa, bibi."

"Mwanangu, mimi macho yangu mazima. Kiti ninakiona."

Mkata tiketi akakitazama kiti, akamtazama Bi Tega. "Hicho saa hizi hakina kazi," alisema kwa upole, ule upole wa kumwambia mzee kwamba chai ameshakunywa.

Kabla Bi Tega hajamjibu, stesheni ilianza kuondoka. Ndivyo alivyoona yeye: nguzo za banda zikarudi nyuma, chokaa ikasogea mbali, na yeye, akiwa amesimama mbele ya kiti cha dereva kisicho na dereva, akachukuliwa kinyumenyume. Alishika bomba la chuma kwa mikono miwili. Reli mbili zikawa zinatiririka kutoka chini ya miguu yake kwenda zilikotoka, mapacha wasiokutana wala kuachana. Kitendawili hicho alimtegea Kengele akiwa na meno mawili.

Kisha uani ukaja, nao kinyumenyume. Aliona kwanza kisogo cha jiko lake, halafu mlango, na mlangoni hapakuwa na mtu wa mwiko. Akamwona Redio amening'inia kwenye uzio, akipunga, midomo inakwenda. Bi Tega akageuka haraka akitazame kiti. Hapa ndipo mtoto anapoinuka. Hapa hasa.

Hakuinuka mtu. Hapakuwa na mtu wa kuinuka tangu mwanzo.

Maelezo yote ya Redio yakaanguka kwa pamoja, na Bi Tega akabaki bila hata moja la uongo la kujishikiza. Akamgusa bega mama mmoja mwenye kapu aliyekaa karibu.

"Samahani, dada. Nani anaendesha?"

"Dereva."

"Umemwona?"

Yule mama akafikiri. "Sijawahi kutazama," alisema, na akalivuta kapu lake karibu zaidi.

Walipofika njia panda tramu ikasimama. Mbele yao, au nyuma, Bi Tega hakuwa na hakika tena na maneno hayo, ilikuwa reli hai, reli ya wote wawili. Taa ilikuwa nyekundu. Ardhi ikaanza kutetemeka, na treni ya saruji ikaingia, behewa baada ya behewa, kijivu, nzito, inapita kama maiti ya tembo anayevutwa, haina haraka na mtu. Tramu ikaingoja. Watu walifumba macho. Bi Tega akaona hapo ndipo pake, kwani kelele ile ingemeza maneno yoyote. Akasogeza uso kwenye kioo cha kibanda.

"Mwanangu," alikiambia kiti. "Popote ulipo. Mimi ulimi wangu unatoka nyumbani kabla yangu, unajua. Watu walicheka kwa sababu yangu, si kwa sababu yako. Sare haikubani. Imekukaa vizuri. Nilikuona umependeza nikaona haya kusema hivyo mbele za watu, nikasema lile. Sasa Fundi anataka chumba. Nimwambie nini? Sare haikubani, mama."

"Inabana," ilisema sauti nyuma yake. "Kwapani hasa."

Bi Tega alitazama kiti kwanza. Halafu akageuka. Kengele alikuwa amesimama pale, kofia kichwani, mkononi mpini mfupi wa chuma na funguo, akihema kama mtu aliyetembea upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Mbele."

"Mbele ndiyo hapa. Kiti hiki hapa."

"Sasa hivi ndipo patakuwa mbele. Tulipotoka stesheni hapa palikuwa nyuma. Mbele kulikuwa kule." Alinyoosha mpini kuelekea mwisho mwingine wa tramu, kupita vichwa vya watu wote. "Kuna kiti kingine kule, mama. Hapa njia panda reli ya uani inaishia, na ya mjini inachepukia nyuma, upande tulikotoka, kwa hiyo naondoa mpini kule, natembea, nauchomeka huku. Haigeuki. Ninageuka mimi."

Bi Tega akautazama mwisho ule. Akautazama huu. "Ina nyuso mbili," alisema polepole.

"Mbili."

"Na kisogo?"

"Haina."

"Na mimi ninasema na kisogo siku zote hizi."

"Kwa hiyo ulikuwa unasema?" Kengele alivua kofia, na chini yake alikuwa yuleyule, na nywele zilizolala vibaya. "Mama, nimekuamkia kila siku. Kila ninapopita. Nainua mkono, nainamisha kichwa, nasema shikamoo kwa sauti, mpaka abiria wa kiti cha kwanza wananiitikia wao. Wewe unanitazama usoni, mwiko mkononi, huitiki. Halafu nikishapita, nakuona kwenye kioo cha pembeni unarusha mikono kama unafukuza kuku. Nikasema basi. Mama amekasirika kwamba sisimami. Kanifukuza uani."

"Na kwa nini husimami?"

"Siku ile ya kwanza nilisimama majiko yote. Tulipofika hapa, saruji ilikuwa imeshachukua njia. Tukaikalia nyuma mpaka mjini, inatambaa, sisi tunatambaa. Watu waliteremka wakatembea, mama, wakatupita kwa miguu. Msimamizi alinisubiri amesimama. Akaniuliza vituo vingapi viko pale uani. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza nilisimama mara ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia pale ni kwa watu. Huwezi kupita kwa watu kama upepo. Akasema niandikiwe onyo au nipite kama upepo, nichague."

Mkata tiketi, aliyekuwa akisikiliza huku anajifanya anapanga tiketi, alikohoa. Taa bado ilikuwa nyekundu. Mabehewa ya mwisho ya saruji yalikuwa yanapita. Kengele akafungua kibanda, akakaa juu ya kitambaa cha chungwa na kijani, akauchomeka mpini, akashusha pazia jeusi kwenye kioo cha mbele. Bi Tega, mlangoni, aliruka.

"Usishushe hiyo, hutaona."

"Tazama."

Bi Tega akainama, akatazama. Nje kulikuwa kweupe. Aliona taa, aliona reli, aliona nzi juu ya kioo anajisugua mikono. Pazia lilikuwa jeusi kwa wa nje tu.

"La jua," alisema Kengele. "Bila hilo nalia machozi mpaka mjini. Ninapoendesha linashuka, ninapoondoka linapanda."

"Kwa hiyo ulipo hapaonekani, na panapoonekana hupo."

"Ee mama. Kama ulitega wewe. Nami niliye ndani sikuwahi kufikiri kwamba kwa nje ni jeusi."

Saruji ikaisha. Taa ikabadilika. "Jibu langu," alisema Bi Tega, kabla mlango wa kibanda haujafungwa. "Ulisema utaniletea kesho."

Kengele alitazama reli. "Chumba changu. Nililijua jibu siku ileile, kabla hujamaliza. Rangi ile ya samawati naiona dirishani kila nikipita. Halafu nikaona mwanamke ndani, anapima pazia. Nikasema mama ameshampa mtu, jibu limeharibika, nalipeleka wapi?"

Tramu ikaondoka kuelekea mjini. Bi Tega safari hii alikuwa anakwenda mbele, uso kwa uso na njia, ingawa hakuwa amehama pale aliposimama hata hatua moja. Alilifikiria hilo mpaka kichwa kikamuuma, akaliacha.

Hakushuka mjini. Walirudi pamoja, na njia panda Kengele akatembea tena na mpini wake, mama yake nyuma yake kama mwali na kungwi. Kuingia uani ilikuwa tena kiti cha kitambaa kilicho mbele, pazia limeshuka. Bi Tega alibandika pua kwenye mlango wa kibanda aone.

Redio alikuwa uzioni palepale. Alikuwa anaitazama tramu moja kwa moja, macho yametoka, na Kengele akainua mkono, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama mdogo." Redio hakujibu. Akabaki anatazama, kakunja uso.

"Hebu mwone," alisema Bi Tega kwa uchungu wa kweli. "Mtoto anamwamkia, ananyamaza. Hana haya."

"Haoni kitu, mama."

"Hata kama."

Akanyoosha mkono yeye mwenyewe, akampungia Redio kwa nguvu. Redio akageuka, akaanza kurusha mikono kwenye mkia wa tramu.

"Gonga kengele," alisema Bi Tega.

"Kengele ni ya hatari tu, na ya kumwonya mtu aliye karibu na reli."

"Redio si yuko karibu na reli? Na ulimi wake si hatari?"

Kengele aligonga mara moja, ndogo. Huko nje Redio aliruka kama aliyemwagiwa maji. Na Bi Tega, akicheka, akaona nyumba yake inakuja dirishani, akaona chumba cha samawati, na katikati ya chumba, juu ya meza, cherehani.

Zamu ya Kengele iliisha alasiri palepale stesheni. Walitembea kurudi, mama na binti, kando ya uzio, na uani pote walikuwa wamekusanyika kwa Redio, aliyekuwa akisoma taarifa.

"…akapanda, mimi shahidi, nikamwona kwa macho yangu amesimama mkiani. Tramu imerudi, mkiani hayupo. Hayupo, jamani. Nimekishika kiuno nikasema, shoga yangu kamezwa." Hapo akawaona. Hakutetereka. "Na sasa katemwa."

"Ufunguo," alisema Bi Tega.

"Ulisema ukirudi peke yako nimpe Fundi."

"Nimerudi peke yangu?"

"Hukurudi kabisa. Hilo hukulisemea. Nikaona kutokurudi kabisa ni zaidi ya kurudi peke yako."

Kengele hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameanza jiko la kwanza, mguu kwa mguu, akiwaamkia mmoja mmoja, siku zote zile alizowakosa, na kwa kila mmoja akieleza nyuso mbili, na kila mmoja akiitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mzee mmoja alimwuliza kwa nini wasinunue tramu inayogeuka. Mwingine alitaka kujua kama kule nyuma anabaki nani.

Fundi alisimama mlangoni mwa chumba, bisibisi mkononi, tayari anaifungua cherehani mezani. Nusu ya sare za shule zilikuwa zimetandazwa kitandani.

"Nisamehe dada, sikujua. Nahama sasa hivi."

Kengele akatazama chumba. Sakafu ilikuwa imekanyagwa, vipande vya nyuzi kila mahali. Akatazama kitanda, akatazama kwapa la koti lake.

"Sare unatanua?"

"Hiyo? Mpaka kesho."

"Basi cherehani ikae hapo dirishani. Kitanda nipishe. Mchana mimi sipo, jioni wewe hupo. Tutapishana."

"Kama tramu na saruji," alisema Bi Tega.

Redio akarudi ng'ambo yake kutangaza kwamba yeye ndiye aliyewapatanisha.

Asubuhi Bi Tega alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkono mmoja, mfuniko wa sufuria mkono wa pili. Tramu ilikuja na uso wake mweusi. Ikagonga mara moja, ndogo. Bi Tega akagonga mfuniko mara moja, akaita "Marahaba" kwenye kile kioo alichojiona mwenyewe. Safari hii hakukunja uso.

Mwili ukapita, mkia ukafika, na pale nyuma ya kioo cheupe kiti kile pale, kitambaa kile pale, kitupu. Alijua sasa. Alielezwa, alionyeshwa, alibandika pua yake mwenyewe kwenye mlango ule. Hata hivyo akatazama huku na huku kama Redio yupo, kisha akakigongea nacho mfuniko, mara moja, kwa sauti ya chini.